Besi na Dramu Zilifutwa, Sauti Ikabaki: Stori ya 'Blizzard of Ozz' na Rimasta Iliyochemsha Mashabiki

Nilikuwa kidato cha pili wakati binamu yangu alinipea flashi imejaa mangoma. Folda moja ilikuwa imeandikwa OZZY kwa herufi kubwa, hakuna maelezo mengine. Ndani kulikuwa na albamu moja tu, Blizzard of Ozz. Hiyo folda niliicheza mpaka kila pigo la dramu nikalijua kwa kichwa. Nilikuwa napiga dawati na kalamu mbili, jirani yangu darasani akanichoka kabisa.

Miaka ikaenda. Chuo nikaacha mwaka wa pili (hiyo ni stori ya siku nyingine), nikapata simu ya maana, nikaanza kustrimu kama watu wengine. Siku moja niko kwa mat narudi keja, nikaweka Crazy Train. Sekunde chache ndani nikatoa iafoni nikaziangalia. Kuna kitu hakikuwa sawa. Sauti ya Ozzy ilikuwa ile ile. Gita lile lile, hata ile solo. Lakini wasee wa nyuma, yule wa besi na yule wa dramu, hawakuwa wale wangu. Mapigo yalikuwa yanaanguka pengine. Besi ilikuwa inatembea njia tofauti.

Nikadhani hii yenye nastrimu ndio feki. Manze, kumbe feki ilikuwa ile ya flashi. Ile yenye nilikariri miaka yote.

Sasa kaa chini nikupe hii stori yote, kwa sababu iko na gita, iko na korti, iko na pesa, na ukishaielewa hutawahi kuona lile neno "rimasta" kwa jalada la albamu halafu ulipite tu hivi hivi.

Tuanze na mwenyewe

Kama uko na miaka ishirini na kitu, pengine Ozzy Osbourne ulimjulia kwa Take What You Want ya Post Malone, ile ya 2019 yenye ako na Travis Scott. Ama kwa zile klipu za yeye na familia yake wakizozana kwa nyumba. Lakini kitambo kabla ya hayo yote, huyu alikuwa sauti ya Black Sabbath, mbogi kutoka Birmingham, Uingereza, yenye watu wengi wanasema ndio ilizaa hevi metali.

Mwaka 1979 Sabbath wakamfuta. Pombe na dawa zilikuwa zimemshika vibaya. Kwa wengi kazi yake ilikuwa imeisha hapo. Mwenye alikataa iishe ni Sharon, msichana wa Don Arden. Arden ndio alikuwa na leibo ya Jet Records, mzee mgumu wa biashara ya muziki Uingereza. Baadaye Sharon akawa meneja wa Ozzy, na baadaye tena bibi yake. Hilo jina la Sharon shikilia, tutalihitaji.

Ozzy akaunda kikosi kipya. Kwa gita akachukua Randy Rhoads, kijana mdogo wa California mwenye alikuwa ametoka Quiet Riot na alikuwa anafunza watu gita kwa shule ya muziki ya mamake. Kwa besi, Bob Daisley wa Australia, mwenye alikuwa amepiga na Rainbow. Kwa dramu, Lee Kerslake, Mwingereza wa Uriah Heep. Kibodi zikapigwa na Don Airey, na huyo ndio unaskia ule mwanzo wa Mr. Crowley kama uko kanisani usiku, stima imepotea.

Wakaingia studio ya Ridge Farm, mashambani Uingereza, mapema 1980. Albamu ikatoka Uingereza Septemba mwaka huo, Marekani ikaingia 1981. Marekani peke yake imeuza zaidi ya kopi milioni 4. Kwa msee mwenye alikuwa amepigwa kalamu juzi, hiyo si mchezo.

Na kuna kitu moja nataka ushike vizuri hapa, juu ndio moyo wa hii stori. Ozzy hakuifanya peke yake. Hakuna siku aliifanya peke yake. Maneno mengi ya hizo ngoma yaliandikwa na Daisley, mpiga besi. Muziki mwingi ulizaliwa wao wakiwa kwa chumba kimoja, Rhoads akija na wazo, Daisley na Kerslake wakilisukuma huku na kule mpaka likae. Ukiskiza vizuri utaskia gita la Rhoads likijibizana na dramu. Kerslake akiongeza pigo, Rhoads anaongeza kidole. Ni kama wasee wawili wakibonga kwa stage, mmoja akianza stori mwingine anaimalizia.

Rimasta ni nini kwanza?

Hapa ndio wengi hupotea, na siwalaumu. Leibo hulirusha hilo neno kama chumvi kwa chipo.

Zamani studio zilikuwa zinarekodi kwa tepu pana yenye njia nyingi, mara nyingi 24. Dramu zinapewa njia kadhaa, besi yake, gita zake, sauti yake. Kila mtu na leni yake. Hapo unaweza kunyamazisha gita peke yake, ama upandishe besi, bila kugusa mwingine.

Halafu inakuja miksi. Fundi anakaa chini, anazipanga zote, anaamua nani atakuwa mbele na nani nyuma, mpaka zinashuka zikawa njia mbili tu: kushoto na kulia. Kwa hii albamu Max Norman ndio alikuwa kwa mitambo. Enzi hizo ukishafika hapo hungeweza tena kutoa dramu peke yake. Ni ugali umeshasongwa, unga na maji hazitenganishwi.

Baada ya miksi ndio masta. Hapa fundi mwingine anachukua zile njia mbili na kuzipiga pasi: besi ikizidi anapunguza kiasi, ngoma moja ikiwa chini kuliko nyingine anazisawazisha, anahakikisha zitakaa vizuri kwa sahani, kaseti ama sidii. Kurimasta sasa ni kurudia hiyo hatua ya mwisho tu, miaka baadaye, na vifaa vipya. Unarudi kwa ile miksi ya zamani, unaitoa vumbi, unaipiga pasi upya. Waimbaji ni wale wale, mapigo ni yale yale, hata makosa ni yale yale.

Na hiyo kazi si rahisi vile watu hufikiria. Tepu nyingi za miaka ya 70 na 80 hunyonya unyevu mpaka gundi inaanza kutoka, ukiicheza hivyo inabandika kwa mashine na muziki unabanduka nayo. Unajua hufanywa nini? Zinaokwa. Zinawekwa kwa joto la karibu nyuzi 50 kwa masaa mengi, zikauke, halafu unapata nafasi kidogo ya kuzinakili kabla zirudie ujinga. Nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilicheka, lakini ndio hivyo, kuna albamu unazipenda zimewahi kupitia kwa oveni.

Kwa hivyo hesabu ya mtaani ni hii. Rimasta ni kupeleka nganya ioshwe na ipigwe polishi. Rimiksi ni kung'oa viti uvipange vingine, lakini gari bado ni ile. Sasa ile kitu ilifanywa kwa Blizzard of Ozz mwaka 2002 ni kutoa injini na giaboksi, kuweka za gari lingine, halafu kurudisha nganya kwa stage na jina lile lile kwa ubavu.

2002

Mwaka huo ndio Ozzy alirudi kuwa jina kubwa kabisa duniani, na hata haikuwa kwa muziki. MTV ilikuwa imeanza kuonyesha The Osbournes mwezi wa Machi, na watoto wenye hawakuwa wamezaliwa 1980 wakaanza kuuliza huyu mzee aliimba nini. Ukiwa na katalogi ya zamani na watu wapya wako mlangoni, unafanya nini? Unatoa albamu upya. Ikatoka upya Blizzard of Ozz, ikatoka na ile ya pili, Diary of a Madman ya 1981.

Mashabiki wakanunua, wakaweka, wakaskia. Wale wa kitambo wakajua ndani ya sekunde chache, vile mimi nilijua kwa mat, ila wao walikuwa wanatoka upande ule mwingine.

Besi ya Daisley ilikuwa imetolewa yote. Dramu za Kerslake zimetolewa zote. Mahali pao kulikuwa na Robert Trujillo kwa besi na Mike Bordin wa Faith No More kwa dramu, wote wawili walikuwa kwa bendi ya Ozzy ya wakati huo. Waliwekwa studio, wakachezewa gita na sauti za 1980, na wakapiga juu yake.

Hebu fikiria hiyo kazi kidogo. Trujillo si mtu mdogo, mwaka uliofuata alichukuliwa na Metallica na ako huko mpaka leo. Bordin ni mpiga dramu mzito. Shida haikuwa uwezo. Shida ni kwamba walikuwa wanapiga na mtu mwenye hangeweza kuwaskia. Randy Rhoads alikufa 19 Machi 1982, akiwa na miaka 25, ndege ndogo aliyokuwa amepanda ilipogonga basi lao la ziara kule Leesburg, Florida. Gita lake kwa hizo tepu lilikuwa linajibu dramu za Kerslake. Ukitoa Kerslake, gita linabaki likijibu swali lenye hakuna mtu ameuliza.

Ndio maana ile ya 2002 ukiiskiza kando ya ile ya asili, haiko vibaya kwa maana ya makosa. Iko safi. Pengine iko safi zaidi. Dramu zimekauka, ziko mbele, zina ule mlio wa miaka ya 2000. Lakini imesimama. Kwa ile ya 1980 kuna mahali bendi inaharakisha kidogo ikiingia korasi, inapumua, inarudi. Niliishi na ile iliyosimama miaka mingi nikiipenda, na sitakudanganya, bado kuna pigo moja au mbili za Bordin huwa nazimiss. Lakini nikishaziweka zote mbili pamoja sikuwa na ubishi tena.

Na kwa nini mtu afanye hivyo? Hapa ndio pesa inaingia.

Nani alipiga, nani alilipwa

Turudi nyuma kidogo. Mapema 1981 bendi ilikuwa imemaliza kurekodi albamu ya pili, Diary of a Madman. Kabla itoke, Daisley na Kerslake wakapigwa chini. Mahali pao kwa ziara wakaingia Rudy Sarzo na Tommy Aldridge. Hiyo hutokea, bendi hubadilisha watu kila siku. Lakini albamu ilivyotoka, jaladani kulikuwa na picha na majina ya Sarzo na Aldridge. Wasee hawakuwa wamepiga hata noti moja humo ndani! Sarzo mwenyewe amesema hadharani kwamba si yeye ako kwa hiyo albamu, na heshima kwake kwa hilo. Lakini kwa miaka mingi ukinunua sahani, karatasi ilikuwa inakuambia uongo.

Miaka ya 80 Daisley na Kerslake wakaenda kortini na wakatoka wakitambuliwa kama watunzi. Hapo tofautisha vitu viwili, juu hata huku kwetu wasanii wengi huchanganyikiwa. Kuna pesa ya kutunga wimbo, na kuna pesa ya kuupiga. Daisley akiandika maneno, anastahili pesa ya mtunzi hata kama wimbo umeimbwa na mtu mwingine kabisa. Lakini kidole chake kikigusa waya wa besi na ikarekodiwa, hiyo ni haki nyingine, ya mtumbuizaji. Hapa Kenya ndio maana kulikuwa na MCSK kwa watunzi na PRISK kwa watumbuizaji, milango miwili tofauti. Ukienda mlango wa kwanza peke yake, ya pili utaiskia tu kwa redio.

Sasa mwishoni mwa miaka ya 90 wale wawili wakarudi kortini Marekani, safari hii wakitaka mirabaha ya kupiga. Kesi ikiwa bado inazunguka, ndio hizo albamu za 2002 zikatoka bila wao.

Upande wa Sharon haukuficha sana. Maelezo yaliyotoka ni kwamba tabia ya hao wasee wawili kwa familia ndio ilifanya watolewe, na kwamba hizo albamu zimepata sauti mpya. Mashabiki wengi walisoma hivi: ukidai pesa ya besi yako, tutahakikisha hakuna besi yako ya kulipiwa. Sina njia ya kuingia kwa kichwa cha mtu, lakini ukiangalia tarehe, ni ngumu kuwalaumu kwa kusoma hivyo. Kesi yenyewe ikatupwa na mahakama ya Los Angeles, na rufaa nayo ikagonga mwamba.

Kwa hivyo kisheria hao wasee walipoteza. Na kama tutakuwa wakweli, mwenye tepu ana nguvu nyingi sana. Kama tepu ni yake na makaratasi yanasema hivyo, anaweza kufanya mambo mengi yenye yatakuuma roho na hakuna askari atakuja.

Hii kitu hunigusa kuliko vile inafaa, labda juu kazi yangu ya kwanza ya kuandika nililipwa kwa makala, na jina lililokaa juu halikuwa langu. Pesa ilikuwa ya kula, nikachukua. Nikazoea. Lakini siku moja nikafungua moja ya zile makala nikapata aya zangu zimeng'olewa na nyingine zimechomekwa, na utani wangu umeachwa katikati hauna mwanzo. Hapo ndio nilielewa kuna kukosa jina, halafu kuna kutolewa kabisa na kazi ikiendelea kutembea kama hukuwahi kuwa.

Ile vita ingine ya sauti

Kabla ya kuendelea, kuna sababu ingine rimasta nyingi huwakera watu, na haina uhusiano na korti. Ni kelele.

Kwa dijitali kuna dari, sauti haiwezi kupita hapo. Miaka ya 90 mpaka 2000 na kitu leibo ziliamua kila albamu lazima iwe na kelele kuliko ya jirani, juu kwa redio ile ya kelele ndio hushika masikio kwanza. Kwa sababu dari haiongezeki, njia pekee ni kuinua sakafu: sehemu za pole zinapandishwa mpaka ziwe karibu sawa na sehemu za nguvu. Ile nafasi katikati inaisha. Ngoma inakuwa kama mtu anakupigia makelele kutoka mwanzo hadi mwisho, hata akisema sala.

Mfano mkubwa ni Death Magnetic ya Metallica, 2008. (Trujillo ndio ako kwa besi humo, dunia ni ndogo.) Mashabiki waligundua zile ngoma zikiwa ndani ya mchezo wa Guitar Hero zinaskika poa kuliko kwa sidii, kwa sababu kwa mchezo hazikuwa zimebanwa hivyo. Maelfu wakatia sahihi ombi la kutaka albamu ifanywe upya.

Kwa albamu ya zamani kama hii yetu hiyo kubana huumiza zaidi. Goodbye to Romance inaanza pole na inajenga. Dee ni Rhoads peke yake na gita la kawaida, chini ya dakika moja, zawadi kwa mamake Delores. Ukiipandisha hiyo iwe na kelele sawa na Crazy Train, umeua sababu ya kuwa hapo. Siku hizi angalau majukwaa makubwa ya kustrimu hushusha zile za kelele zikae kiwango kimoja na zingine, kwa hivyo kubana hakukupi faida yoyote. Lakini uharibifu uliofanywa kwa rimasta za wakati huo umekaa humo humo, kushusha sauti hakurudishi pumzi.

2011, wasee warudi

31 Mei 2011, kusherehekea miaka 30, Blizzard of Ozz ikatoka upya pamoja na Diary. Safari hii besi ni ya Daisley, dramu ni za Kerslake. Rimasta ya ukweli, kutoka kwa zile rekodi za asili. Ile ya 2002 ikaachwa kando, na hiyo ya asili ndio msingi wa zile unapata leo ukistrimu.

Kwa hiyo ya 2011 kuna kitu kimoja nakuomba utafute. Ni Goodbye to Romance yenye imeachwa na gita na sauti peke yake, miksi ya 2010. Hakuna besi hapo, hakuna dramu. Inachekesha kidogo ukifikiria historia, lakini hapa haijachomekwa mtu mwingine. Ni nafasi tu imeachwa wazi, na unaskia Rhoads vile alikuwa anashikilia wimbo mzima kwa vidole. Weka hiyo kwanza, halafu weka ile kamili mara moja. Utaskia Daisley akiingia kama mtu amefungua dirisha. Mpiga besi ni mtu wenye humuoni mpaka akosekane.

Na kama uko na MP3 za kitambo kama mimi, ama umeokota sidii ya mtumba mahali, cheki mwaka. Ikisema 2002, hiyo ni ya Trujillo na Bordin. Kama haina maelezo yoyote, weka Crazy Train ya kustrimu kwa simu moja na yako kwa nyingine, anza zote wakati mmoja, na ufuate dramu tu. Usifuate gita, gita litakudanganya kwa sababu ni moja. Dakika moja inatosha.

Usitupe ile ya 2002 lakini. Mimi yangu bado niko nayo, ile flashi ilikufa lakini folda nilikuwa nimehamisha. Kuna siku hiyo itakuwa ushahidi.

Kerslake

Lee Kerslake aliugua saratani ya tezi dume. Akijua hana muda mrefu, aliandikia Ozzy na Sharon barua. Hakuwa anaitisha mirabaha. Aliitisha sahani za platinamu za Blizzard of Ozz na Diary of a Madman, zile huwa zinatundikwa ukutani, juu yeye hakuwahi kupewa zake. Mwanzoni mwa 2019 zikafika. Kuna picha zake amezishika, mzee wa nywele nyeupe, anatabasamu kama mtoto amepita mtihani. Ilikuwa imechukua karibu miaka 40.

Alikufa 19 Septemba 2020, akiwa na miaka 73. Ozzy akaandika mtandaoni kumuaga, maneno machache tu. Alisema ni karibu miaka 40 tangu waonane, lakini Lee ataishi milele kwa zile rekodi alizompigia, na akazitaja zote mbili kwa jina. Nilisoma hiyo nikakaa nayo. Hizo hizo rekodi mbili, zenye kwa miaka tisa ukizinunua mpya dukani hungepata hata pigo lake moja.

Ozzy mwenyewe aliaga 22 Julai 2025, wiki mbili na kitu baada ya kuimba mara ya mwisho kule Villa Park, Birmingham, akiwa amekaa kwa kiti kama mfalme. Wiki hiyo Crazy Train ilikuwa kila mahali, hata kwa mat moja ya Rongai niliiskia, na dere hata si mtu wa roki. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, spika iko juu ya kichwa changu. Nikafuata dramu. Zilikuwa za Kerslake.